Mji Ulioitwa Bustani

Majina ya mahali mengi huzaliwa na miti. Dar es Salaam wana Mikocheni, Unguja wana Miembeni. Waingereza nao wana kijiji cha kale, Welwyn, maana yake "penye mierebi", ile miti ya mitoni aitajayo nabii Isaya. Karibu nacho, mwaka 1920, Ebenezer Howard alianzisha mji ukaitwa Welwyn Garden City, yaani Mji wa Bustani wa Welwyn. Bustani ya maua? Hayo ni machache. Howard alitaka mashamba yauzunguke mji, nyumba zisiyameze, na faida ya ardhi iwarudie wakaaji wote. Sisi wa Bwegera, tulimao uwanda wa Ruzizi, twalielewa neno hilo upesi. Howard mwenyewe alihamia mjini humo, akafa humo mwaka 1928.