Taazia ya Gemu za Wastani

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Cha wastani hawakukisemea neno, na katika ulimwengu wa gemu za video kimya hicho kimegeuka hukumu. Gemu bora haikosi mlezi. The Legend of Zelda: Ocarina of Time, ambayo mwaka 1998 ilikuwa ya kwanza kupewa alama 40 kwa 40 na jarida la Famitsu la Japani, imetolewa upya mara kadhaa kwenye mashine mpya. Gemu mbovu nayo haikosi mlezi. E.T. ya Atari, iliyotengenezwa mwaka 1982 kwa muda wa wiki tano hivi, ilidorora sokoni hata mwaka uliofuata kaseti zake zikazikwa jalalani pamoja na shehena nyingine ya Atari, huko Alamogordo, New Mexico. Aprili 2014 watu walirudi na mashine za kuchimbia wakazifukua, na kaseti mojawapo ikapokewa na makumbusho ya Smithsonian. Ubovu wake uliipa nafasi katika historia.

Inayopotea ni ile ya katikati: iliyopewa saba kati ya kumi, au sita na nusu, ikasifiwa kwa wazo lake na kulaumiwa kwa ufupi wake, kisha msomaji akafungua ukurasa mwingine. Hakuna aliyeichukia kiasi cha kuizika, wala aliyeipenda kiasi cha kwenda kuifukua.

Chukua Another Code, gemu ya Nintendo DS ya mwaka 2005, kazi ya Cing, kampuni ndogo ya Fukuoka. Marekani iliuzwa kwa jina la Trace Memory. Msichana Ashley, anayekaribia kutimiza miaka 14, anakwenda kisiwani kumtafuta baba aliyedhani amekwisha kufa. Huko anakutana na mzimu wa mvulana aitwaye D, asiyekumbuka aliishi vipi wala alikufa kwa nini. Wawili hao wanazunguka jumba kuukuu, mmoja akiokota vipande vya utoto wake, mwenzake vipande vya uhai wake. Wahakiki walisema hadithi inagusa, mafumbo ni mepesi, na yote yanakwisha kwa saa chache tu. Wengi wakaipa alama sabini na ushei kwa mia. Haukuwa uonevu. Mtu aliyetoa bei ya gemu nzima akaimaliza kwa jioni mbili alistahili kuonywa mapema.

Lakini ndani yake kuna fumbo ambalo hakuna alama inayoweza kulibeba. Skrini mbili za DS zinaonyesha nusu mbili za picha. Mchezaji anagusa, anabonyeza, anazungusha, hapati kitu. Mwishowe, kwa kubahatisha au kwa kukata tamaa, anaikunja mashine nusu, kana kwamba anataka kuifunga aende zake. Hapo taswira ya skrini ya juu inaonekana juu ya kioo cha ile ya chini, nusu mbili zinakutana, na picha inakamilika. Mahali pengine penye muhuri inabidi uifunge mashine kabisa, ili skrini moja iigandamize nyingine, kisha uifungue uone alama iliyochapwa. Bawaba, kifaa ambacho hakuna aliyekihesabu kuwa sehemu ya mchezo, ndiyo iliyokuwa ufunguo.

Cing ilifilisika mwaka 2010. Another Code ilipata bahati isiyowafikia wengi: Januari 2024 ilitolewa upya kwenye Switch, pamoja na mwendelezo wake wa Wii. Ila Switch ina skrini moja na haina bawaba, kwa hiyo mafumbo yalibadilishwa. Hata aliyeokolewa alifika ng'ambo akiwa amepungukiwa kiungo. Again, gemu ya upelelezi ya Cing hiyohiyo, ilifika Marekani mwaka uleule kampuni ilipoanguka, ikapokewa vuguvugu. Hiyo haijapata wa kuivusha.

Kuna wakati hukumu ilikuwa na sauti za watu. Famitsu ilikalisha wahakiki wanne, kila mmoja na alama yake kwa kumi na maneno yake machache. Electronic Gaming Monthly ya Marekani nayo ilikuwa na kikosi chake. Mmoja akitoa nane na jirani yake akatoa tano, ugomvi ulikuwa wazi mbele ya msomaji, naye alichagua wa kumwamini. Mwaka 2001 ikaja Metacritic, ikazikusanya hukumu zote na kuzikokotoa kuwa namba moja yenye rangi: kijani kuanzia 75, manjano kuanzia 50, nyekundu chini ya hapo. Yule aliyetoa nane na yule aliyetoa tano wakamezwa pamoja. Namba hiyo ikaingia hadi kwenye mikataba. Fallout: New Vegas ya mwaka 2010 ilipata 84, na mmoja wa viongozi wa studio yake, Obsidian, alieleza baadaye kwamba bonasi yao ilitaka 85. Alama moja tu. Ikiwa 84 inaweza kumkosesha mtu bonasi, nani atathubutu kuwekeza kwenye gemu itakayoambulia 70?

Upotevu wenyewe una takwimu. Julai 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilitangaza kwamba, kati ya gemu za zamani zilizotoka Marekani kabla ya mwaka 2010, asilimia 87 hazipatikani tena sokoni. Maduka ya mtandaoni nayo yanafungwa moja baada ya jingine: la PSP Julai 2021, la Nintendo 3DS na Wii U tarehe 27 Machi 2023, la Xbox 360 tarehe 29 Julai 2024. Oktoba 2024 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa ombi la kuruhusu maktaba kuwafikishia watafiti gemu hizo kwa mbali. Na ndani ya kaseti nyingi za Game Boy mna betri ndogo inayotunza safari ya mchezaji. Betri ikifa, safari nayo inakwenda, na hakuna anayepigiwa simu ya msiba.

Kwetu hukumu ilitolewa kwa njia nyingine. Katika mabanda ya gemu ya Dar es Salaam na Nairobi mhakiki alikuwa shilingi. Gemu ya mpira ilipangiwa foleni, Tekken ilipangiwa foleni, na CD ambayo haikuombwa na mtu ilibaki chini ya rundo hadi ikachubuka. Mwenye banda hakuwa na kosa, maana luku au tokeni ya umeme hainunuliwi kwa huruma. Hata hivyo yalikuwapo mabanda ambayo mtoto mmoja aliipenda gemu isiyopendwa na wenzake, akaisevu kwenye memori kadi ya megabaiti nane, akarudi siku ya pili akakuta mwingine ameandika juu yake.

Baada ya gemu, wahakiki wenyewe wakaanza kutoweka. GamePro ilikwisha mwaka 2011. Nintendo Power ilichapa toleo la mwisho Desemba 2012. Tarehe 2 Agosti 2024 Game Informer, iliyoanza mwaka 1991, ilifungwa ghafla, na tovuti yake ikabaki ujumbe wa kwaheri tu. Ilirejeshwa Machi 2025 chini ya wamiliki wapya. Lakini kwa miezi ile, aliyetafuta habari za gemu fulani ya PSP isiyokumbukwa na mtu pengine alikuwa akitafuta aya mbili ambazo ndizo zilizobaki kuishuhudia. Hapo ndipo nilipoanza kuwatazama upya wale waandishi wa saba kati ya kumi. Walidhani wanamshauri mnunuzi. Kumbe walikuwa wanaandika taazia mapema.

Na taazia zao hazifanani. Aliyeandika kwamba gemu "ni ya kawaida, kwa wapenzi tu" hakutuachia kitu. Aliyeandika kwamba pedi ni nzito ila muziki wa hatua ya tatu unakufanya usimame kusikiliza, kwamba adui wa mwisho anaonea, kwamba mvua inachorwa vizuri kuliko nyuso za watu, huyo ametuachia gemu yenyewe, hata kama kaseti zote zimeoza. Matangani hatumpi marehemu alama. Tunasema alikuwa anacheka namna gani, alipenda chai ya aina gani, alikuwa na wimbo gani mdomoni. Mtu wa kawaida hulilia aliyekuwa wa kawaida, wala haoni aibu.

Sidai kwamba kila gemu ya wastani ilikuwa kito kilichofichika. Nyingi zilistahili zilichopata, na baadhi zilipendelewa. Ninachodai ni kwamba sehemu kubwa ya saa tulizocheza, sawa na sehemu kubwa ya vitabu tulivyosoma na muziki tuliosikiliza, ilipita katikati hapo, mbali na kilele na mbali na jalala. Tukihifadhi vilele peke yake, atakayekuja kutusoma atadhani tulikuwa watu wa miujiza mitupu.

Kwa hiyo wewe mwenye kaseti au CD ya gemu ambayo dunia iliipa sita, iwashe ingali inawaka. Andika jina lake, mwaka wake, waliotengeneza, na jambo moja inalolifanya ambalo hujaliona kwingine. Mpe mtu aicheze. Nawe unayehakiki, toa namba kama mhariri anaidai, lakini usiitoe kabla hujaeleza mkono ulihisi nini. Namba ni ya mnunuzi wa wiki hii. Maelezo ni ya yule atakayekuja gemu ikiwa haipo tena.