Kijiti Kando ya Hendibreki

Kila msee wa Nairobi anajua Forester anayoitaka. Ni ile ya taabo, yenye tundu la hewa kwenye boneti, unayoisikia Thika Road kabla hujaiona. Ya Baba haikuwa hiyo. Ilikuwa ya 2005, gia za mkono, bila taabo, na ilitoka Uingereza badala ya Japani. Boneti yake ilikuwa tambarare kama chapati. Nikiwa sekondari nilimwomba aniache mbali kidogo na geti.

Lakini ilikuwa na kitu ambacho zile za Thika Road hazina. Kando ya hendibreki kulikuwa na kijiti kifupi kilichoandikwa Hi na Lo. Unakanyaga klachi, unakivuta juu, na gia zote tano zinashuka: mwendo unapungua, nguvu inaongezeka. Si sana. Land Cruiser ikiwekwa gia za chini nguvu inazidi mara mbili. Forester hizi za Ulaya ziliongeza kama moja ya tano tu. Ila kwenye mlima wa matope, ukiwa na mzigo, hiyo moja ya tano ndiyo tofauti kati ya kupanda na kunusa klachi ikiungua. Subaru iliziuza hivyo Ulaya na Australia, kwa watu wa gia za mkono. Forester mpya ilipotoka mwishoni mwa 2012, kijiti kikatoweka. Nyingi za otomatiki zikapewa kitufe cha X-Mode, kompyuta ifanye hesabu yenyewe.

Kwetu ni Kinangop. Mvua ya Aprili ikija, barabara inakuwa uji. Kwa kile kijiti Baba alipandisha viazi, kabeji, na usiku mmoja jirani aliyekuwa na uchungu wa kuzaa.

Aprili 2018 alinipigia simu. "Nimepata mtu wa kununua gari. Ada yako tutamaliza yote." Nikasema asante. Shida ni kwamba nilikuwa nimeacha chuo tangu Januari. Hakuna aliyenifukuza. Niliamka siku moja nikashindwa kuingia darasani, kesho yake pia, na baadaye nikawa naandikia watu makala za bei ya kutupa huku nikiambia nyumbani mitihani iko sawa.

Nikapanda matatu. Nilipofika, broka alikuwa tayari anazunguka gari. Alifungua mlango akacheka. "Mzee, kumbe si otomatiki? Na haka kagia kadogo ni ka nini?"

Baba alimweleza karibu dakika kumi, kama mtu anayesifu mtoto wake. Broka akasikiliza, kisha akapunguza elfu hamsini kwa sababu ya kitu asichokielewa. Baba akakubali. Hapo ndipo tumbo lilinikata.

Walipatana wakutane Engineer kesho yake. Usiku mvua ikanyesha. Asubuhi, tukiukabili mlima wa kwenda lami, Baba akavuta Lo. Gari likajikaza, likapanda polepole, magurudumu yakitafuta mawe chini ya tope. Tulipofika katikati nikasema, "Baba, usiuze. Niliacha shule Januari."

Hakusimama. Ukisimama pale hutoki. Alishika usukani kwa mikono miwili mpaka juu, akarudisha kijiti, akaegesha kando ya lami.

"Januari," akasema. "Na ada ya Januari?"

"Nililipa nyumba nayo. Na chakula."

Tulikaa mpaka vioo vikajaa ukungu. Akampigia broka, akamwambia gari haiuzwi tena, akageuza. Hakuniongelesha mpaka Juni.

Sijarudi chuo. Ile ada ya Januari nilimaliza kumlipa mwaka jana, elfu moja moja kwa M-Pesa, na hakuwahi kujibu zaidi ya "nimepata".

Nilipoenda nyumbani mara ya mwisho alinipa funguo tukapeleke viazi sokoni. Katikati ya mlima nikasahau, magurudumu yakaanza kuzunguka bure. Baba hakunitazama. Alinyoosha mkono, akashika kile kijiti.

"Klachi," akasema.

Nikakanyaga, naye akavuta.