Mwenye Kuangalia Wenziwe Asijisahau



Katika neema za Mwenyezi Mungu ambazo mwanadamu huzitumia kutwa asikumbuke kuzishukuru, moja ni jicho. Kwa jicho twaijua njia, twasoma, twamtambua mzazi na twamtambua adui. Lakini jicho lina tabia moja ya ajabu: huona kila kilicho mbele yake, ila lenyewe halijioni. Leo nataka nikuzungumzie kazi moja ambayo ndani yake tabia hiyo ya jicho imekuwa khatari kubwa, nayo ni kazi ya kuwapiga picha watu wanaoruka kutoka katika ndege kwa parachuti. Huenda ukasema, mambo haya yatuhusu nini sisi? Basi jua kuwa yametufikia hata sisi tunaokaa Sola, katika mkoa wa Simiyu, bara kabisa, kwenye mashamba ya pamba, mbali na bahari.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeko Tanga, ni mpiga picha huku kwetu. Hupiga picha za harusi na za watoto wanaohitimu madrasa, na msimu wa pamba, wakulima wakisha kulipwa, hupata kazi mpaka usiku. Kwa miaka mitatu amejiwekea fedha kidogo kidogo. Mama yake anakaa katika nyumba ya makuti inayovuja, na nusu ya fedha hizo kijana alikwisha kuzitilia nia ya mabati, na mama mwenyewe aliambiwa. Kisha akasikia kwamba Diani, katika pwani ya Kenya, watalii huruka kwa parachuti wakashuka ufukweni, na kwamba wako wanaolipwa kuruka pamoja nao ili wawapige picha. Akanijia na karatasi aliyoandika majina ya kamera na lenzi, na bei zake ubavuni, akaniuliza, "Mjomba, katika hizi ninunue ipi kwanza?" Nilipojumlisha, niliona karatasi ile imeyala mabati yote.

Nikamwambia, "Karatasi yako imeanzia mwisho." Akanitazama kama mtu asiyeelewa, nami sikumlaumu, kwani jambo lenyewe lataka kuelezwa.

Kwanza, msomaji wangu, tuifahamu kazi yenyewe. Ndege hupanda mpaka kimo cha futi 12,000 hivi. Mgeni hufungwa kifuani pa mwalimu wake, wakaruka wawili kwa parachuti moja, na mpiga picha huruka nao karibu, peke yake, na parachuti lake mgongoni. Kabla ya parachuti kufunguliwa hushuka kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa, nao ni kama mita 55 kila sekunde. Yaani kila ukihesabu moja, umeshuka kimo kinachopita minara mingi ya misikiti yetu. Muda wote wa kupiga picha ni kama sekunde 40. Yule bwana hawezi kuishika kamera kwa mikono, kwa kuwa mikono na miguu ndiyo usukani wake katika upepo. Kwa hivyo kamera hufungwa juu ya kofia ngumu aliyoivaa, na aghalabu huwa mbili: moja ya picha zinazokwenda na moja ya picha za kusimama. Hii ya pili huipigisha kwa mdomo, kwa kuuma kidude au kukipuliza. Mbele ya jicho lake huwekwa kiduara kidogo cha kulengea, na pale anapoelekeza kichwa ndipo kamera inapotazama.

Lenzi nazo zina mambo yake. Zinazotumika ni zile pana, kwa sababu mpigaji yupo karibu sana na anayepigwa. Lakini lenzi pana humwonyesha mtu kuwa yuko mbali kuliko alivyo, na asiye mzoefu huona picha yake imekuwa ndogo, akazidi kusogea, mpaka wakagongana angani. Tena kila futi 1,000 unazopanda, baridi huzidi kwa kiasi cha digrii 2. Basi kioo kikishuka na baridi yake kikakutana na hewa ya pwani yenye unyevu, hufanya ukungu kama kioo cha taa ya chemli kilichopuliziwa pumzi. Wenye kuijua kazi huilenga lenzi wangali chini, wakaifunga kwa utepe isizunguke, wakakifuta kioo, wakatazama betri na nafasi ya kuhifadhia picha, kisha ndipo wakapanda. Angani hakuna mwenye nafasi ya kutengeneza kitu.

Mpwa wangu alipoyasikia haya alifurahi, kwa kuwa haya ndiyo aliyoyataka. Nikamwambia, "Sasa sikiliza yale ambayo hayamo katika karatasi yako."

Kamera iliyo juu ya kofia ni kama kigingi kilichochomoza. Kamba za parachuti linapofunguka zaweza kunasa hapo, na kwa hivyo kofia lazima iwe na kifungo cha kuifungua mara moja, na mwenyewe awe amezoea kukifungua gizani na mwangani. Uzito wa kamera huja juu ya shingo wakati parachuti linapomkamata mtu kwa nguvu. Na wale wawili wanapofungua lao, yeye huendelea kushuka chini zaidi kabla hajafungua lake, hali ya kuwa jicho lake na moyo wake bado vimo katika picha. Kwa sababu hizi chama cha warukaji cha Marekani kinamshauri mtu asiruke na kamera mpaka awe amekwisha kuruka mara 200, na 50 katika hizo kwa vifaa vilevile atakavyotumia. Tangu zilipotoka kamera ndogo za kutosha kiganjani, wengi huona kwamba kitu kidogo namna hiyo hakiwezi kuwa na madhara. Lakini ule udogo umepunguza uzito tu. Moyo wa mtu unashughulishwa vilevile.

Hapa nitakupa kisa kimoja cha kweli. Mwaka 1988, mwezi wa Aprili, huko Louisburg katika jimbo la North Carolina, Marekani, mtu mmoja alipanda ndege ili ampige picha mwanafunzi na mwalimu wake. Hakuwa mgeni wa kazi ile, kwani alikuwa amekwisha kuruka zaidi ya mara 800. Siku ile ilikuwa ya kazi nyingi. Kamera ilikuwa kichwani, na chombo cha kuchukulia picha kilikuwa ndani ya mkoba mgongoni, na yasemekana uzito wa mkoba ule ndio uliomfanya asitambue kilichopungua. Wale wawili wakaruka, naye akaruka nyuma yao akiwapiga picha. Wao wakafungua parachuti lao. Yeye alipopeleka mkono kufungua lake, hakulikuta, kwa kuwa hakulivaa. Ukanda wa picha ulipatikana baadaye na wachunguzi wakautazama. Kamera ilikuwa imeifanya kazi yake.

Msomaji wangu, kisa hiki usikisome kwa kumcheka marehemu, wala usiseme alikuwa mpumbavu. Mtu wa kuruka mara 800 si mpumbavu. Kilichompata ni maradhi tuliyo nayo sote: alitayarisha kwa uangalifu kile kitakachowaonyesha wengine, akaghafilika na kile kitakachomhifadhi yeye. Ni wangapi kati yetu wanaomhesabia jirani sala zake, nao zao zimewapita? Ni wangapi wanaosafisha mlango wa barazani wageni wauone, na ndani mke na watoto hawajui nini watakula usiku? Hiyo ndiyo kamera iliyo kamili mgongoni pasipo na parachuti.

Wala sisi Waislamu hatuwezi kusema kuwa elimu hii ya jicho na ya kuruka ni ya watu wengine. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufa Misri yapata mwaka 1040, ndiye aliyebainisha katika kitabu chake cha elimu ya kuona kwamba twaona kwa nuru inayotoka katika vitu na kuingia jichoni, na akafanya majaribio ya nuru inayopenya tundu dogo katika chumba cha giza. Neno kamera lenyewe kwa Kilatini maana yake ni chumba. Na kabla yake, katika karne ya 9, Abbas ibn Firnas wa Kurtuba katika nchi ya Andalus alijivika manyoya na mbawa akaruka. Al-Maqqari, aliyeiandika khabari yake, anasema kwamba aliruka kitambo, ila aliposhuka aliumia mgongo, kwa sababu alitengeneza mbawa akasahau mkia, na ndege hutulia chini kwa mkia wake. Tazama jinsi kisa cha Andalus na kile cha mwaka 1988 vilivyo ndugu. Kuruka kulitayarishwa, kushuka kukasahauliwa.

Lakini hapa pana mlango mwingine, na mtu asije akadhani kwamba mwenye kujitayarisha hapatwi. Upande wa mashariki wa mkoa wetu huu wa Simiyu ndiko Serengeti iliko. Huko, mwaka 1958, walikuwako Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, wakiruka kwa ndege ndogo iliyopakwa milia kama ya punda milia, wakiwahesabu wanyama na kuwapiga picha za sinema. Katika hesabu yao nyumbu walikuwa 99,481. Tarehe 10 Januari 1959, Michael alikuwa peke yake katika ndege ile, akagongana na tumbusi, bawa likaharibika, ndege ikaanguka, naye akafa akiwa na umri wa miaka 24. Sinema yao ilipata tuzo kubwa ya Marekani mwaka 1960, na baba yake alipofariki mwaka 1987 alikwenda kuzikwa karibu na mwanawe, ukingoni mwa bonde la Ngorongoro. Rubani hawezi kuweka miadi na tumbusi. Mtume wetu (S.A.W.) alimfundisha yule mwenye ngamia kwamba amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu. Kufunga ni juu yetu, na kuhifadhi ni Kwake. Asiyefunga akasema "nimetawakali" amejidanganya, na aliyefunga akasema "sasa silipatwi na kitu" naye amejidanganya.

Kwa hivyo matayarisho ya safari ya khatari hayaishii katika kamba na vifungo. Nilimwuliza mpwa wangu mambo matatu. Je, una deni? Je, umeandika wasia? Je, mama yako ana khabari? La kwanza alisema hana. La pili alicheka. La tatu akanyamaza.

Nikampigia dada yangu simu Tanga mbele yake, nikamweleza yote. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Kaka, mwambie mabati si neno, masika nitavumilia. Lakini asinitumie picha. Aje aniage kwa miguu yake."

Kijana aliinamisha kichwa. Nikamwambia, "Umesikia? Mama amekusamehe ahadi yako, na kwa ajili hiyo hiyo hufai kuivunja." Mtu anayekuachia haki yake kwa mapenzi ana haki kubwa zaidi kuliko anayekudai.

Tena nilimkumbusha amana ya picha yenyewe. Maulamaa wamekhitalifu juu ya hukumu ya picha, na hapa si mahali pa kulifungua suala hilo. Lakini hawakukhitalifu kwamba siri ya mtu ni amana. Mwenye kuruka kutoka futi 12,000 huonekana katika hali ambayo hata mkewe hajapata kumwona: uso umevutwa na upepo, machozi yanamtoka, pengine nguo imempanda. Aliyepewa ruhusa ya kuitazama hali ile hakupewa ruhusa ya kuitembeza kwa watu wacheke. Anayetaka kazi hii ajue kuwa amebeba uhai wake mgongoni na heshima ya mwenziwe kichwani.

Basi ile karatasi tuliiandika upya, nami nakupa mpango wake, ndugu msomaji, maana wafaa hata kwa asiyewahi kupanda ndege. Kwanza ahadi na madeni. Pili idhini ya mzazi na wasia. Tatu mafunzo ya kuruka mikono mitupu, mpaka mwili uwe umejua bila ya kuambiwa. Nne parachuti na lile la akiba, kukaguliwa kwa mkono wake na kwa jicho la mwenziwe, kila mara, hata kama ni mara ya 800. Tano, na mwisho, kamera na lenzi. Mabati ya Tanga yamenunuliwa. Fedha iliyobaki haitoshi kamera. Yaweza kumwanzisha mafunzo siku atakapoamua, na mpaka leo angali anapiga picha za harusi hapa Sola, akifikiri. Sikumkataza wala sikumhimiza. Mtu mzima huonyeshwa njia, kisha huachiwa miguu yake.

Nawe msomaji, mzee au kijana, mama wa nyumbani au mfanya biashara, kabla hujalala usiku wa leo gusa mgongo wako. Tazama kama ulichokibeba ni kile kitakachokushusha salama, au ni chombo tu cha kuwaangalia wenzio. Sote tumekwisha kuruka tangu siku tuliyozaliwa, na ardhi inatukaribia kila sekunde, tukiwa twaitazama au hatuitazami.

Mwenyezi Mungu atujaalie miongoni mwa wanaojihesabu kabla ya kuhesabiwa, awahifadhi vijana wetu waliomo angani, baharini na nchi kavu, na awape wazazi wao subira na furaha. Amin.

Wabillahi tawfiq.