Nilimwonea haya babu, gofu ikaniumbua

Msomaji wangu, wiki hii nna kisa changu mwenyewe. Ukitaka kucheka cheka, lakini usome mpaka mwisho, maana yaliyonikuta mie yanawangoja wengi wa rika letu.

Nakaa Mpendae, nyumba moja na babu yangu mzaa baba. Unajua mtaani, kijana akiwa na jamaa yake Ulaya hana raha mpaka kijiwe kizima kijue. Mie nna kaka, mtoto wa ami yangu, anaishi Surrey, kusini ya London. Mwezi wa Agosti alikuja likizo, na pamoja na chokleti za watoto na manukato ya kina shangazi, alishusha mfuko mrefu uliojaa fimbo za gofu.

"Mdogo wangu, kesho twende Kama tukacheze," akaniambia.

Gofu mie nilikuwa naiona kwenye televisheni tu, na nikiiona nahamisha chaneli. Lakini kichwani nilishapiga hesabu: shati la kola, miwani ya jua, picha mbili tatu za kuwarushia roho wenzangu. Usiku ule barazani nilijidai kama mtu aliyezaliwa na fimbo mkononi.

Balaa likaja asubuhi. Natoka nje nimejipuliza manukato, nakuta babu ameshakaa kwenye gari, kiti cha mbele. Kanzu nyeupe, kofia ya viua, makubadhi miguuni.

"Shikamoo babu. Safari ya wapi tena?"

"Marahaba. Si gofu?"

Nikamvuta kaka pembeni, nikamnong'oneza: "Kule kuna watu wa maana, babu atatutia aibu na makubadhi yake. Tumwambie gari haina nafasi." Gari lenyewe la watu watano, na sisi tulikuwa wawili! Kaka alinitazama kama ananiona siku ya kwanza. Hakunijibu. Akaenda kuwasha gari.

Basi tukaondoka, mie nyuma nimenuna. Tukapita Amani, Maruhubi, Mtoni mpaka Bububu. Kaka akawa anatupa hadithi za gofu ya kule kwake. Siku moja rafiki yake wa kazini alimwalika Walton Heath, uwanja wenye jina Uingereza nzima, uliochorwa na bwana mmoja Herbert Fowler na kufunguliwa mwaka 1904. Mwaka 1981 Wamarekani waliwafunga Wazungu wa Ulaya pale pale kwenye Kombe la Ryder.

"Lakini kilichonishangaza ni ardhi yake," akasema. "Mchanga mtupu, haishiki maji. London udongo ni wa mfinyanzi, mvua za baridi zikinyesha ni tope tu. Wachezaji wakaona bora wapande treni waifuate ile ardhi ya mchanga. Zamani haina thamani, ukipanda mazao hupati kitu. Imejaa vichaka vifupi, haviji hata magotini, mwezi wa nane vinatoa maua ya zambarau. Kuviangalia vizuri, lakini mpira ukiingia mle umekwisha. Unapiga, kichaka kinaikamata fimbo kama mtu kakushika mkono."

"Sasa ardhi gani hiyo?" nikauliza, bado nimenuna.

Babu akajibu bila kugeuka: "Uwanda huo. Hata sie tunao. Ardhi isiyoota mkarafuu watu huidharau, mpaka aje anayejua inafaa kwa kitu gani."

Nikanyamaza. Wakati ule sikujua kama kuna jiwe limerushwa upande wangu.

Kama ndiko uliko uwanja wa Sea Cliff, wa mashimo 9, kando ya bahari. Nyasi zimekatwa utafikiri zulia. Kaka akanipa mafunzo ya dakika tano: mchezaji haruhusiwi kubeba fimbo zaidi ya 14, kila unapouchapa mpira inahesabiwa pigo moja, aliyepiga mara chache ndiye mshindi. Mpira wenyewe upana wake kama milimita 43, na shimo ni milimita 108, kasoro ya kibakuli cha urojo. Na shimo hilo liko mamia ya mita kutoka unaposimama!

Nikasimama. Nikavaa miwani. Nikainua fimbo kama wale wa kwenye televisheni, nikashusha kwa nguvu zangu zote.

Mpira ulibaki pale pale, unanitazama.

Mara ya pili nikachimba bonge la nyasi likaruka mbele kuliko mpira. Mara ya tatu mpira ukaenda, lakini ulikwenda kushoto, kichakani, wala hatukuuona tena. Jamani, jasho lilinitoka! Shati la kola likaniganda mgongoni.

Tulipofika shimo la tatu nikasikia sauti nyuma yangu, ya taratibu. "Rudisha hiyo fimbo. Chukua namba 6. Kusi linakujia usoni, linaegemea kutoka kushoto. Lenga kushoto ya bendera, upepo utaurudisha. Na usiupige kwa hasira, haukukosea kitu."

Nikageuka. Babu alikuwa ameuchukua mfuko begani, namba 6 ameshaichomoa, na amesimama pembeni, kivuli chake hakigusi mpira wangu. Kaka mwenyewe alibaki mdomo wazi. Nikafanya kama alivyosema. Mpira ukapaa, ukapinda na upepo, ukaanguka hatua chache tu kutoka kwenye bendera.

"Babu! Umeyajulia wapi haya?"

Ndipo alipotuhadithia, tumekaa kwenye nyasi. Wakati wa Waingereza, pale Mnazi Mmoja, kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, palikuwa na uwanja wa gofu. Mie napajua kwa mpira wa miguu tu. Babu miaka ya 1950 alikuwa mtoto wa miaka kumi na kitu, akitoka chuoni anakwenda kusubiri mabwana. Alikuwa kedi, yaani mbeba mfuko. Anajua upepo wa kila shimo, anajua bwana gani apewe fimbo ipi, anajua mpira uliopotea umelala wapi. Pesa ile alikuwa anampelekea mama yake.

"Na weye ulikuwa unacheza?" nikamuuliza.

"Hata pigo moja. Magharibi, kwetu Ng'ambo, tulicheza na fimbo za mpera. Lakini pale kazi yangu kubeba."

Kaka akamkabidhi fimbo bila ya kusema neno. Babu akavua makubadhi, akayapanga vizuri pembeni kama anaingia msikitini. Akakunja kanzu kidogo. Hakujaribu mara mbili. Akapiga.

Mpira haukwenda mbali, labda hatua 80, lakini ulikwenda umenyooka kama uzi. Alipofika kwenye grini, kautaka shimoni, ukapita. Akarudia, ukapita. Mara ya tatu, nusu hatua tu, ukapita tena! Babu akacheka mpaka machozi. "Miaka karibu sabini nawacheka mabwana wale kwa kukosa hapa. Kumbe pagumu!"

Tulimaliza mashimo 9: kaka mapigo 46, mie 81, na mipira sita nimeiacha kichakani.

Njiani kurudi babu alikaa kimya. Tulipofika Bububu akasema, bila ya kugeuka: "Eti mjukuu wangu, gari ilikuwa na nafasi?"

Nilitamani ardhi ipasuke nijifukie. Siku zote tunajua babu hasikii vizuri. Kumbe sikio bovu ni la kulia tu, na asubuhi ile nilinong'oneza upande wa kushoto.

"Nisamehe babu."

"Nimekusamehe pale pale asubuhi. Ningekuwa na hasira ningekupa fimbo mbaya."

Usiku barazani wenzangu wakadai picha. Zangu za miwani zipo, lakini niliwaonyesha moja tu: mzee wa kanzu, miguu mitupu, fimbo juu ya bega, bahari nyuma yake. Wakauliza nani huyu bingwa. Nikawajibu babu yangu, na nilisema kwa sauti kubwa, maana alikuwa amekaa dirishani, sikio la kushoto kwetu.

Na wewe msomaji, yule mzee wa kwenu unayempita kila siku na salamu ya haraka haraka, umeshamuuliza alikuwa nani kabla hujazaliwa? Muulize leo. Ukichelewa, utabaki kuuliza watu wa pembeni.