"SHEHE, DUA ENDELEA NAYO, LAKINI SHIKA HAPA"



Ndugu yangu katika imani, leo nakusimulia jambo linaloniaibisha, ili wewe lisikukute.

Nilikuwa nateremka kwa miguu kutoka mazikoni, huko juu milima ya Uluguru, nikiifuata njia ya Morningside kurudi Morogoro mjini. Asubuhi mvua ilikuwa imenyesha, na unaujua ule udongo mwekundu ukilowa: unateleza kama sabuni. Vijana watatu wakanipita na baiskeli zao za milimani, zile za matairi mapana. Wakanisalimia, nikawaitikia. Kona ya pili nikamkuta mmoja wao yuko chini, mkono umechanwa na jiwe, damu inamwagika.

Watu wakajaa. Mmoja akakimbia kutafuta majivu ya jikoni. Mwingine akatoa simu, akaanza kurekodi. Na mimi shehe wenu nikapiga magoti, nikamshika kijana mkono ule mzima, nikawa namsomea dua. Damu ikaendelea kutoka.

Akatokea bibi mmoja na mzigo wa ndizi kichwani. Akautua, akatoa khanga safi, akaikunja mara kadhaa, akaikandamiza juu ya jeraha. Kisha akaniambia: "Shehe wangu, dua endelea nayo, lakini shika hapa. Bana, usiachie."

Nikabana. Damu ikapungua, hatimaye ikakatika. Kijana akapelekwa hospitali, akashonwa, na leo ni mzima, alhamdulillah.

Usiku ule sikulala. Nikajiuliza, je, dua yangu ilijibiwa? Naam, ilijibiwa kupitia mikono ya yule bibi. Yangu ilikuwa wapi?

Ndugu yangu, rudi nami Uhud, mwaka wa 3 Hijria. Mtume s.a.w. alijeruhiwa usoni, na kofia yake ya chuma ikavunjikia kichwani. Bibi Fatima r.a. akaliosha jeraha, Ali r.a. akimimina maji. Alipoona maji yanazidisha damu, akachoma kipande cha mkeka, akaweka majivu yake mpaka damu ikasimama.

Najua utaniuliza: "Basi majivu ni sunna, mbona unayakataa?" Tazama vizuri alichokifanya. Aliosha kwanza. Akaangalia kama njia yake inafaa. Ilipokuwa haifai, akatumia iliyokuwepo. Hilo ndilo funzo. Leo tunajua kwamba kitambaa safi na mkono unaobana vinazuia damu, na kwamba udongo na majivu ya jikoni kwenye kidonda vinaweza kuleta pepopunda. Umfuate Bibi Fatima katika kutafuta kinachofaa.

Na uitazame ile kofia. Mbora wa viumbe, mwenye tawakkul kuliko sisi sote, alivaa kofia ya chuma. Wewe unateremka mlima na baiskeli kichwa wazi, halafu unasema "Mungu atanilinda"? Ngamia anafungwa kwanza, ndipo unategemea.

Basi yashike haya machache.

Damu ikitoka sana, kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kufunuafunua. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Kijiti kikizama ndani ya mwili usikichomoe, bana pembeni yake.

Mfupa ukivunjika, usiuvute. Ufunge na kijiti kilichonyooka, kama ulivyoukuta. Mkono uning'inize shingoni kwa khanga.

Aliyegonga kichwa, kisha akapoteza fahamu, akatapika, akasinzia au akaongea visivyoeleweka, awahishwe hospitali hata akisema amepona. Akilalamikia shingo au mgongo, msimwinue kwa makwapa. Mwacheni alale, kichwa kitulie, mtafute msaada wa kumbeba vizuri. Na mfunikeni, kwa maana ukungu wa Uluguru una baridi, na majeruhi hupoa haraka.

Akiumwa na nyoka, msichanje, msinyonye, msifunge kamba. Atulie, kiungo kisitikisike, apelekwe hospitali upesi.

Na dada akianguka, usisimame mbali ukisema si maharimu wako. Dharura ina hukumu yake. Msitiri, kisha muokoe.

Kwenye begi weka bandeji, pamba safi, plasta, mkasi, glavu, khanga moja, maji safi na simu yenye chaji. Kagua breki kabla ya kupanda. Usiende peke yako. Mwambie mama au mkeo unapita njia gani na utarudi saa ngapi, maana huko juu mtandao unakatika. Ukiupata, namba ya dharura ni 112. Na simu ile ipige kwanza. Usimrekodi ndugu yako akivuja damu.

Katika Suratul Maida, aya ya 32, Mwenyezi Mungu ametufundisha kuwa mwenye kuokoa nafsi moja ni kama ameokoa watu wote. Tunaisoma sana mimbarini. Lakini aliyeifanyia kazi siku ile ni bibi mbeba ndizi. Mimi niliyeihifadhi nilikuwa natazama.

Baada ya hapo nikaenda kujifunza huduma ya kwanza. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hutoa mafunzo hayo. Nawaomba viongozi wa misikiti na madrasa, tuwaite wataalamu wawafundishe vijana wetu. Siku moja tu inatosha kuanzia.

Ee Mola, tujaalie mikono yetu ifanye yale ambayo ndimi zetu zinayaomba. Walinde vijana wetu milimani na barabarani. Amin.

Ukimaliza kusoma, mtumie kijana mmoja mwenye baiskeli au bodaboda. Huenda ikawa ndiyo sadaka yako ya leo.

Wabillahi tawfiq.