Gitaa la Mjomba na Ngoma za Kompyuta

Katika jamaa yetu, jina la R.L. Burnside limezua ubishi ambao hadi leo haujakatika. Mzee huyu wa Mississippi, aliyezaliwa mwaka wa 1926 na kufariki mwaka wa 2005, alipiga gitaa la bluzi kwa miaka mingi kabla ulimwengu haujamtambua. Mwaka wa 1998 ilitoka albamu yake Come On In. Humo mtayarishaji Tom Rothrock aliikatakata sauti ya mzee pamoja na gitaa lake, akavirudiarudia vipande hivyo juu ya mapigo ya kompyuta, bluzi ikageuka densi ya vijana.

Binamu yangu, mwenye studio ndogo mjini Kitengela, aliihusudu mno albamu hiyo. Akanituma Kajiado kwa mjomba wetu, ambaye hajawahi kurekodi hata wimbo mmoja, na vidole vyake vimeanza kukakamaa. Ombi lilikuwa jepesi: apige gitaa lake kavu, nasi tuliwekee ngoma za kompyuta. Mjomba alisikiliza nyimbo mbili za Burnside, akasema, "Huyu mzee wamemchinja."

Sikumbeza. Mjomba hupiga omutibo, mtindo uliovumishwa na George Mukabi, ambamo gumba hushikilia besi, kidole cha shahada kikiimba, na chupa ya soda ikigongwa kando. Ukiukata mfululizo huo, wabaki na nini? Hata hivyo, nilimtajia Daudi Kabaka, ambaye miaka ya 1960 alilitia gitaa lake katika twisti, densi ya wakati wake, kwa mapigo yenye asili ya kwela ya Afrika Kusini. "Helule Helule" yake ikaimbwa na The Tremeloes wa Uingereza mwaka wa 1968.

"Kabaka alijichanganya mwenyewe," akanijibu.

Jibu hilo lilinipeleka moja kwa moja kwenye mgogoro wetu wa ushairi. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka wa 1974, vina aliviacha kwa hiari yake. Hakuna fundi aliyemvulia. Naona mjomba ana hoja (ingawa, kusema kweli, albamu ya Burnside hunichezesha).

Hatimaye amekubali nyimbo mbili, kwa masharti: ataketi studioni hadi mwisho, gitaa lisikatwe, na ngoma zisiingie kabla ya ubeti wa pili. Binamu analalamika kwamba ubeti wa pili ni mbali mno.