Tule kisultani, mkaa wa Kariakoo

Wiki hii nataka tule kisultani, tena bila kupanda basi la Kilwa. Safari yetu inaishia Kariakoo tu.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta wa Moroko alipita pwani yetu hadi Kilwa. Njiani, pale Mogadishu, alilishwa wali wa samli na kitoweo cha kuku, nyama na samaki, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu. Sasa angalia: hakuna nyanya, hakuna pilipili kichaa, wala chipsi! Vitu hivyo asili yake ni bara la Amerika, na enzi hizo vilikuwa havijavuka bahari. Kwa hiyo mtu akikwambia mishkaki bila pilipili kichaa si ya asili, mcheke.

Basi nikazama Mtaa wa Kongo, nikipishana na mikokoteni na wamachinga, mpaka kwenye viungo.

"Shikamoo mama, naomba pilipili manga na mdalasini."

"Marahaba mwanangu. Na pilipili ya unga je?"

Nikakataa. Nikaongeza tangawizi, kitunguu saumu na ukwaju. Pilipili manga zamani ilivuka kutoka India kwa majahazi ya msimu. Leo unapimiwa kwa kijiko. Kufika buchani, nusu kilo ya mbuzi ikamaliza hela yote.

Mapishi ni rahisi. Twanga viungo na chumvi, changanya na maji mazito ya ukwaju, lowekea vipande vya nyama masaa matatu. Choma kwenye mkaa uliokolea, huku ukipaka samli.

Kasheshe ni harufu. Nyumba yetu ya Kiswahili ina vyumba sita, ua mmoja. Kabla sijageuza vijiti, watoto wa wapangaji wote walishajipanga. Ungefanyaje? Wapo wanaofunga mlango wakala gizani, jamani!

Lakini yule sultani wa Kilwa, al-Hasan ibn Sulaiman, Ibn Battuta anasema alikuwa akikaa na mafukara na kula nao. Kwa ukarimu wake aliitwa Baba wa Zawadi. Kwa hiyo kata vipande vidogo, kila mtoto apate chake, wali umalizie kazi. Mie niliambulia viwili, nikalala usingizi wa kifalme.

Haya, kazi kwenu!